Kutoka Juu ya Shimba

Twavuka feri Likoni, jua halijasimama,
Chupa ya chai kitini, mahamri yako nyuma,
Njia yapinda mwituni, masikio yanavuma,
"Baridi hii ya nani?" akauliza Bi Tima.

Twatafuta palahala, twaona kinyesi chake,
Mlinzi: "Huyo kalala, msitu ni nyumba yake."
Bi Tima kaketi, kala hamri kwa raha zake,
Mara akaacha kula, kajishika shavu lake:

"Kumbe Mombasa ni ile! Ndogo kama kisahani!
Siku zangu zote zile nalikuwa mle ndani!
Nyumba yetu iko kule?" Kidole chake hewani
Chatafuta paa lile la mabati, Kibokoni.