Doa la Nguzo

Wiki ya tatu ndipo tulipoipata ngome:
si ukuta, si mnara, si mzinga,
ila madoa meusi kwenye udongo wa manjano,
doa, hatua mbili, doa, hatua mbili, doa,
kama ufizi ulioachwa na meno.

"Mti huoza, doa hubaki," alisema Dakta Terpstra,
akapiga magoti mbele ya shimo la nguzo
mithili ya aliyefika kuhiji.
Essequibo ilipita nyuma yake, nyeusi kama chai ya rangi,
wala haikugeuka kutazama.

Ismelda Hendricks hakupiga magoti.
Yeye ni wa Walokono. Alishika chekeche,
akatikisa, akatikisa,
vumbi la Waholanzi likamwingia puani
akapiga chafya tatu, akacheka peke yake.

Aliyelala usimwamshe, husemwa.
Sisi tulimwamsha kwa brashi na mswaki:
shina la kiko cheupe,
kifungo,
tofali dogo lililovuka bahari
kwa kazi ya kuipa meli uzito tu,
halafu risasi moja, ya mviringo,
yenye alama za meno.

Mtu aliiuma. Labda alikuwa anakatwa mguu.
Labda alikuwa anachapwa.
Daftari la ngome limehesabu kila pipa la chumvi,
kila kifuko cha baruti, hata mishumaa.
Meno hayamo.

Karibu na jivu la jiko kikatoka kigae kinene, bapa.
Ismelda hakungoja kuulizwa.
"Kikaango cha mkate wa muhogo.
Nyanya yangu anacho. Nacho kimepasuka hapahapa."
"Basi walikuwa wakinunua chakula kwenu," alisema Terpstra, akiandika.
"Au wakipewa."
"Au wakipewa, ndiyo."
"Au wakichukua."
Kalamu ilisimama kidogo.
Sikuona aliandika nini.

Mei ikaja na mvua zake, shimo likaanza kunywa.
Ni desturi, kabla ya kufukia,
kuacha sarafu ya mwaka huu chini kabisa,
ili watakaochimba kesho wajue tuliwatangulia.
Terpstra akatoa senti ya kwao, akaiweka kwa vidole viwili.
Ismelda akamega mkate wa chakula chake cha mchana,
akaulaza kando ya senti.

"Huo utaoza," alimwambia.

"Najua," alisema, akachukua koleo.