Sindano ya Nukta Tatu

Mchagua jembe si mkulima, husemwa kwetu.
Basi mimi si mkulima. Jumamosi hii ni ya tatu
naingia duka la Bi Irja Lehtonen, Thunder Bay, mtaa wa Algoma,
nikikung'uta theluji mlangoni,
na mara mbili zilizopita niliondoka na kalenda ya bure tu.

Leo nina dola mia mbili na kumi
za kuosha mabasi ya jiji usiku, yakiwa yamelala,
na ndani ya foronya nina kofia ya Mwanahawa,
golikipa wa hoki ya barafu, miaka kumi na mitatu:
kofia nyeupe pe, na wavu wa chuma usoni.
"Baba, nichoree nyegere."
Hapa hakuna amjuaye nyegere. Nilimweleza kocha:
ni mdogo, miguu mifupi, hamwamkii hata simba.
Kocha alicheka. Mwanahawa hakucheka.

Bi Irja anatandaza taulo, anapanga brashi tatu za hewa.
Ya kwanza imening'iniza chupa tumboni, na kitufe kimoja:
ukibonyeza inatema, ukiachia inanyamaza.
"Nzuri kwa uzio," anasema, "na kwa watu wasio na swali."
Ya pili ina kikombe mgongoni, kama kifuniko cha chupa,
na kitufe chenye njia mbili:
kukisukuma chini ni hewa, kukivuta nyuma ni rangi.
Sindano yake sifuri nukta tatu.
Ya tatu ni ya Kijapani, imelala kwenye mahameli.
"Hiyo," anasema, "hata mimi naifuta vumbi tu."

Nauliza kuhusu zile za ukutani, dola sitini,
sanduku zima, na kompresa, na hozi, na rangi sita.
Anatafuta neno. Ninalo mimi, ila kwa lugha yangu:
rahisi ghali.
"Ncha ikipinda," anasema, "spea yake iko mwezini."

Tunajaribu ya pili, maji na wino, juu ya gazeti la jana.
Nabonyeza. Doa, na doa linaota miguu,
buibui mweusi anakimbia juu ya uso wa waziri fulani.
"Umesogea mno. Tena umebana pumzi."
Narudisha mkono nyuma. Hewa kwanza, rangi baadaye;
rangi ikome, hewa imalizie.
Mara ya nne kidole kinakumbuka kitu ambacho sikukifundisha:
Mwanahawa ana meno mawili, uji unafuka,
nami napuliza kabla kijiko hakijafika,
naendelea kupuliza kikishaondoka.

Mstari ukatoka. Mwembamba, kingo zake moshi.

Mia moja na arobaini. Na kompresa?
Sabini iliyobaki hainunui kompresa ya maana.
Bi Irja anaingia stoo, anarudi akiburuta kitu
kilichokuwa moyo wa friji,
kimefungwa na mtungi wa kizimamoto kama pacha.
Marehemu Kalevi alikiunda kwa mikono yake.
"Hakina dhamana. Lakini hakikoromi.
Aliyekoroma ni Kalevi."
Anataka hamsini. Ishirini ya mwisho anaielekeza kwenye barakoa:
"Mapafu siuzi."

Wiki ya kwanza nimepaka madumu ya maziwa tu.
Nyegere wangu wa kwanza, kasema Mwanahawa, ni fuko mwenye deni.
Wa tano alikuwa na hasira kidogo.
Na usiku mmoja, nikiosha kikombe, nikivuta sindano polepole
kwa kuwa ikipinda ni zamu mbili za mabasi,
niliiona kofia pale mezani, nikaelewa nilichokuwa sijamuuliza mtu:
mgongo wa nyegere ni mweupe.
Hapo sitapaka kitu.
Nitaziba kwa utepe, nitapuliza giza kila upande,
kisha nibandue.