Kanda ya Alhamisi

Muhindo, kabla sijakuachia funguo,
kaa hapo juu ya katoni, nikueleze kabati hili.
Ndani mna kanda ishirini na nne
na mkono mmoja wa chuma, hauna bega, hauna mwenyewe.
Usiku unatoka, unachagua kanda,
unaisukuma mdomoni mwa kinasa,
kisha unarudi pembeni kungoja.

Ratiba ni hii. Jumatatu hadi Jumatano
unanakili yaliyobadilika tu:
damu ya nani imepimwa, nani kahamishwa kitanda,
nani kalipa nusu akaahidi nusu.
Ijumaa ni hospitali nzima, msumari hadi paa,
na kanda hiyo Jumamosi inapanda boti ya asubuhi
kwenda Bukavu,
kwa sababu Goma ina mlima,
na mlima hauulizi kama umeshatoa nakala.

Alhamisi nitakuambia mwisho.

Saa ndiyo iliyonitia aibu.
Mara ya kwanza niliandika: nane.
Nilimaanisha nane yetu, usiku wa manane wenyewe,
mafundi wa kuchomelea wa Birere wamelala
na umeme umetulia kwenye waya.
Mashine ikahesabu kwa vidole vyake,
ikaamka saa mbili asubuhi,
foleni ya kina mama imefika getini,
skrini zote zimeganda,
daktari Bisimwa anapiga meza,
na mkono huu humu ndani unahangaika na kanda zake,
hauna habari.
Tangu siku hiyo naandika mbili, moyoni nasema nane.
Nawe utazoea.

Umeme ukikatika katikati, usiape.
Betri inakupa dakika kumi na moja.
Taa ikiwaka rangi ya chungwa, inaomba kanda ya kusafishia, ipe.
Vumbi letu ni jeusi, ni jiwe lililowahi kutiririka,
linajua njia za kuingia.

Na ujue hili pia: kila kanda inatunza wiki nne.
Ya tano, mkono unairudia, unaandika juu yake.
Kusahau nako kumepangiwa saa.

Basi, Alhamisi.
Mwezi wa pili alikuja mama mmoja, Kavira,
miguu ina matope ya Ndosho,
akaomba karatasi ya mwanawe
aliyeishi dakika mia moja na kidogo.
Nikatafuta. Hakuna.
Utawala ulikuwa umeagiza zifutwe rekodi zisizo na jina,
na kidole kilichobonyeza ni hiki.
Lakini kanda ya Alhamisi ilikuwa imebakiza siku mbili.
Nikaizungusha. Ikakohoa, ikasoma:
Mtoto wa Kavira. Msichana.
Gramu elfu moja mia tisa.
Saa tatu na robo.
Nikamtafsiria: saa tisa na robo, mama, usiku.
Akasema, ndiyo,
mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Karatasi aliikunja mara nne,
akaificha nyuma ya kadi yake ya uchaguzi.
Kuirudisha rekodi kwenye seva ningeweza.
Wangeagiza ifutwe tena.
Kwa hiyo kanda nikaitoa, nikasukuma kile kidude chekundu
upande wa kufunga, nikaiviringisha gazeti.

Sasa kila Alhamisi, usiku ule ule,
mkono unatoka, unafika shimo la kumi na saba,
unapapasa.
Asubuhi utakuta maandishi mekundu:
kanda haikupatikana, kazi imeshindwa.
Ya siku hiyo hayapotei, Ijumaa inayabeba.
Mkuu akiuliza, mwambie unashughulikia.
Mimi nimeshughulikia miaka mitatu.

Haya, shika. Huu mkubwa ni wa mlango,
huu wa kabati.
Huu mdogo ni wa droo.