Kifungo

Nilitoa elfu ishirini, nikafunga vioo.
Mtambo ukanimeza polepole, pale njia ya Iganga,
brashi zikanizunguka kama mashangazi wa bwana harusi,
povu la waridi, povu la buluu, kisha upepo.
Nikatokea upande wa pili naona haya kidogo
kwa kufurahi kiasi kile, peke yangu, ndani ya Premio.

Kisha jua la saa sita likainamia boneti.

Mikwaruzo. Si mmoja, si ya kuhesabu.
Mistari, na juu ya mistari, duara,
kana kwamba kuku wamepekua usiku kucha wakitafuta mchwa.
Gari jeusi. Deni la chama limebaki miezi kumi na minne.
Nikageuza. Maneno nilikuwa nayo tayari,
machungu yametangulia, matusi yanafuata.

Tenywa, kijana wa zamu, hakubisha.
Alipangusa mikono kwenye ovaroli, akachukua tochi,
akapiga magoti kando ya tairi.
"Mama, mkwaruzo una mwandiko. Tuusome.
Brashi ya ubavuni husimama wima, huzunguka,
haijui kuchora ila mstari wa kulala, taa hadi taa.
Ya juu huenda boneti mpaka buti.
Duara haiwezi. Duara ni mkono."

Sikupenda alikokuwa anaelekea.

Alizima mtambo, akaingiza vidole katika nywele za brashi
kama mtu anayemtafuta mwanawe chawa,
akatoa mchanga, na jani la muwa lililosokotwa.
Akaliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Asubuhi ilikuja pikapu ya mashambani,
tope mpaka madirishani.
Kanuni ni kuisuuza kwanza kwa mpira.
Nilikuwa nakunywa chai."

Basi mistari ni yake.
Tukabaki na duara.

Akafungua mlango wa dereva. Pale ndani,
karibu na bawaba, pasipofika brashi yoyote,
duara zilezile, ndogo, zimepandana.
"Unapangusia nini, mama?"

Kwenye buti nina kitambaa. Kila alfajiri
nafuta vumbi jekundu la Bugembe, kavukavu,
maana maji ya bomba huja yanapotaka yenyewe.
Nikampa. Akakikunjua: shati.
Kola imelika, kwapa limepasuka,
na kwenye mkono wa kushoto kifungo cha shaba, kimoja,
kimeng'ang'ania uzi wake.

Ni la Mugoya.
Aliondoka na trela la saruji kwenda Juba, akasema wiki tatu.
Hupiga simu Jumapili zenye mtandao.
Huuliza, gari linaendaje?
Nami hujibu kuhusu gari.

Tenywa alipitisha kifungo juu ya ukucha wake.
Kikaacha mstari mweupe.
Hakusema kitu, na namshukuru kwa hilo.
Akahesabu noti, akanirudishia elfu kumi.
"Nusu," alisema. "Kwa mistari yangu."

Nikakaa kwenye kiti, mlango wazi, miguu nje.
Mugoya, umelichuna gari ukiwa Juba.
Miezi ishirini na mitatu, alfajiri kwa alfajiri,
kwa mkono wangu mimi,
nami nikijisifu kwamba nalitunza.

Kijana akaniletea wembe wa kukatia uzi.
Nikaushika. Nyuma yangu foleni ikaanza kupiga honi,
mwenye teksi akatoa kichwa dirishani
akauliza kama hapa ni kinyozi.
Nikautia wembe kwenye kisanduku, pamoja na stakabadhi,
shati nikalikunja, kifungo kikaelekea ndani,
nikamuuliza Tenywa vitambaa laini vinauzwa wapi.