Mrehani wa Pasua

Nilizipanda Jumapili, kwenye kopo la siagi
nililolitoboa kwa msumari:
mbegu nyeusi, ndogo kama nukta,
alizonipa Mama Ndeshi
ndani ya bahasha ya mchango wa harusi.
"Usizifukie," alisema. "Zinyunyizie udongo, kama chumvi."

Siku nne, kopo kimya.
Ya tano nikachokonoa kwa kijiti,
na kwa haraka yangu nikauvunja mmoja.

Leo mlima umejifunika, Pasua kuna baridi,
miche kumi na mmoja imesimama,
majani mawili mawili, imelalia upande wa dirisha.
Nausugua mmoja, taratibu.
Kidole kinanukia jiko lake,
yeye aliyehamia Babati bila kuaga,
na bakuli lake bado limo kabatini mwangu.