Zamu ya Usingizi

Jumanne, kituo cha afya, Kadutu.
Benchi nne, watu kumi na saba,
na miayo inayoambukiza kuliko mafua.
Muuguzi Nsimire anapima presha, anaandika, anatikisa kichwa,
kisha anashika chaki:
*Lala saa ileile. Amka saa ileile.
Simu isilale kitandani.
Kahawa, mwisho adhuhuri.*

Mimi fundi cherehani nikanakili kwenye daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha Mama Ciza na mabega ya mumewe.

Mzee Birindwa akainua mkono.
"Binti, hiyo saa ileile ni saa ya nani?
Umeme wetu huja saa nane za usiku kama mgeni mlevi,
ukaondoka kabla ya kengele ya misa.
Nikilala, maharagwe yatajichemsha?"
"Na bomba?" akadakia mwingine. "Likianza kukohoa, nijifunike?"
Tukacheka.
Kicheko cha wenye macho mekundu hakifiki mbali.

Nsimire hakucheka. Aliutazama ubao
hadi mvua ikaanza kupiga mabati.
Akafuta mstari wa kwanza kwa kiganja.
"Ua wenu una nyumba ngapi?"
"Sita."
"Na usiku mnaamka nyumba ngapi?"

Nikaona haya, kama mtu anayetafuta sindano
kumbe ameibana kwa meno.

Leo zamu yangu.
Balbu imewaka yenyewe, saa nane na robo.
Simu sita kwenye waya mmoja,
sufuria ya ua mzima jikoni,
sare za shule kumi na moja zinangoja pasi.
Kuta zetu ni mbao, kwa hiyo nawasikia wote:
Mama Ciza anakoroma, anasita, anakoroma,
kama cherehani inayopanda mshono mnene.
Mzee Birindwa, ambaye tangu vita
hulala na viatu miguuni,
ameviacha nje, mlangoni. Vimelowa.
Nimevisogeza chini ya dari.

Mimi mwenyewe sijazoea bado.
Usiku wangu wa kwanza wa kulala nilikodoa macho gizani,
nikimpeleleza jirani: ameamka kweli, au ametusahau?
Nikasikia maji yakigonga ndoo,
ndoo ikijaa, ikiburutwa.

Ndoo ya pili sikuisikia.