Fundi Saa Apimwa Mapigo

Miaka thelathini na mmoja nimo kibandani hapa Kiusa,
kioo kimebanwa jichoni, mgongo nimeupa barabara,
nazirudisha saa za watu kwenye mstari.
Saa ya mwalimu iliyotumbukia chooni.
Saa ya bwana harusi, ile ya kuazima.
Kwangu ugonjwa ni mmoja tu: kutolingana.
Sekunde ikijivuta, nimeisikia.
Ikikimbia, nimeikamata kwa koleo.

Na pumu ninayo tangu utotoni, katika mji
ulioitwa Moshi kabla sijazaliwa.
Mama alikuwa akinitania: wewe ulikosea kituo.

Juzi hospitalini wakatuita sisi wa pumu, wanatafiti.
Binti wa Kipare, Nakijwa, akanilaza,
akanibandika vidude kifuani, vya baridi kama sarafu za alfajiri.
"Babu, pumua kama kawaida."
Kama kawaida!
Kawaida yangu ina mlango mmoja, nao una kutu.
"Pampu umetumia saa ngapi?"
Kumi na moja, kabla ya jogoo.

Dakika tano.
Nami kwa majivuno ya kazi yangu nikamwuliza:
moyo unakwenda sawa?
"Tatizo ni hilo, babu. Unakwenda sawa mno."

Akanionyesha. Moyo ulio mzima, kumbe,
ukivuta pumzi huharakisha, ukiitoa hulegea,
kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji
anayeteremka mtelemko wa mawe:
hatua ndefu, hatua fupi, na maji hayamwagiki.
Wangu ulikuwa umenyooka kama msumari.

Nikanyamaza.
Mtu afike umri huu aambiwe
kwamba kipimo chake cha maisha yote
hakifai kupimia kitu kilicho ndani ya shati lake.

Kuna mshipa wa fahamu, akasema,
unatoka chini ya ubongo, unashuka shingoni,
unapita moyoni, unapita mapafuni, unaishia tumboni huko.
Madaktari wa kale waliuita mzururaji.
Usiku ndio huushika moyo: taratibu, taratibu, siku imekwisha.
Lakini mkono uleule, ukishautuliza moyo,
waenda kwenye mirija ya pumzi, waibana
kama mlinzi anayefunga duka
na mwenyewe yumo ndani.

Basi ndiyo maana saa tisa za usiku.
Ndiyo maana Ndeonasia huamka kabla yangu,
akasikia filimbi kifuani mwangu,
akaniketisha, akapapasa chini ya mto.
Miaka yote nililaumu vumbi la stendi, baridi ya Julai,
paka wa jirani
(namwomba radhi paka).
Kumbe ni pumziko lenyewe lililonikaba.

Pampu hufungua, sikatai. Ila moyo hutimua mbio,
na vidole, vidole hivi ninavyolia ugali,
hutetemeka hadi saa mbili asubuhi.
Skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi
inaruka, inazama kwenye ufa wa meza.
Wateja hudhani ni mbege.
Nawaacha. Mbege ina heshima zaidi.

Leo ninayo saa ya ukutani ya Mama Aikande,
inachelewa dakika mbili kila siku.
Nimeifungua, nimeitazama kuliko ilivyohitaji.
Nikaweka kiganja kifuani.
Nikavuta pumzi, nikahesabu.
Nikaitoa, nikahesabu tena.
Pengine ililegea kidogo, ile dundo. Pengine ni lori lililopita.
Saa nimeirekebisha; ndiyo aliyoilipia.

Nakijwa alinipa kadi: nirudi baada ya miezi mitatu,
saa tatu asubuhi. "Ukichelewa kidogo si neno."
Sijawahi kuchelewa, nikamwambia.
Akaitazama tena ile karatasi.
"Naona," akasema.